Gofu la Kilcolman si la Spenser peke yake

Jamani wapenzi wa fasihi, tusidanganyane. Ukitajiwa gofu la Kilcolman, kaunti ya Cork kule Ireland, utaambiwa papo hapo: "Ndipo alipoishi Edmund Spenser, mshairi wa The Faerie Queene." Haya, aliishi. Lakini nyumba ilikuwa ya nani?

Ilikuwa mali ya akina FitzGerald, watawala wa Desmond: mnara wa mawe wa mwishoni mwa Zama za Kati, makazi na ngome kwa pamoja. Waliasi, wakashindwa mwaka 1583. Ardhi yao wakagawiwa walowezi wa Kiingereza, na Spenser akapata ekari kama 3,000, mnara ukiwemo. Mwaka 1598 waasi wakautia moto. Spenser akakimbia, akafia London mwezi Januari 1599.

Wanaomtukuza hukipita mbiombio kitabu chake kingine, A View of the Present State of Ireland. Humo anatetea watu watiishwe kwa upanga na njaa, tena anaona ni desturi ya mshindi kumlazimisha aliyeshindwa ajifunze lugha yake. Msomaji wa Kiswahili, wimbo huo si mgeni kwako, au vipi? Ngũgĩ wa Thiong'o aliusikia. Katika Something Torn and New anaitaja Ireland hiyohiyo ya Spenser.

"Basi gofu liachwe lianguke!" atasema mwenye hasira. Hapo mimi na wewe tunaachana njia. Ireland ina sheria ya kulinda majengo ya kale tangu mwaka 1930, na ni jambo jema. Mnara ukianguka, Spenser hapungukiwi kitu, maana vitabu vyake vimejaa maktabani. Atakayepotea ni yule aliyenyang'anywa, ambaye ushahidi wake ni hizo kuta.

Tena ukoo huo ulikuwa na mshairi wake: Gearóid Iarla, mtawala wa tatu wa Desmond, aliyetunga kwa lugha ya wenyeji miaka 200 kabla ya Spenser. Wangapi kati yetu tumewahi kumsikia?

Kwa hiyo kuta zilindwe, ndiyo, lakini na jina lilindwe pia. Kuliita gofu hilo "ngome ya Spenser" tu ni kumnyang'anya mwenyewe mara ya pili, na safari hii sisi wasomaji ndio tunaoshika kalamu.