Kiti cha tezi

Shemeji ana mashua ya tanga hapa Limehouse. Majuzi amewafungia wanangu viti viwili kwenye pembe za tezi, juu ya mabomba ya kujishikia.

Alianza na miguu ya mabomba: bolti lazima zipite sitaha na zishikwe na bamba kwa chini. Akakata kadibodi kupata umbo, kisha ubao wa mvule, mti wa kwetu unaouzwa huku kwa jina la iroko. Akapiga msasa kingo, akatoboa matundu ya maji, akafunga kwa vibano vya stenlesi.

Sharti langu muuguzi ni jaketi la kujiokolea. Maji ya chini ya nyuzi 15 hukata pumzi ghafla, hata kwa aliyekulia baharini Lamu. Ukianguka usipapatike: lala chali, elea, pumzi itarudi.