Katani Yetu Isiishie Kwenye Kamba

Kila mara ikitajwa katani twasikia hesabu ya tani: ngapi zimevunwa, ngapi zimepakiwa melini. Sisi hatupingi tani. Lakini twasema kwamba nchi ihesabuyo tani peke yake haijaanza kuhesabu kazi za vijana wake.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dr. Richard Hindorf, Mdachi. Katika miche 1,000 iliyotumwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kwa hiyo michache yakaanza mashamba ya Tanga yaliyomezwa na jasho la manamba. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na mwisho wa miaka ya 1990 mavuno hayakufika tani 30,000. Yako mambo mengine yaliyochangia, na uendeshaji wa mashamba baada ya 1967 ni mojawapo. Lakini mzizi ni huu: tulitegemea kamba, na mwenye kutegemea kitu kimoja huanguka nacho.

Je, singa ya katani yaweza kazi gani nyingine? Wenzetu wamekwisha kujibu. Mwaka 1996 Mercedes-Benz walitumia mkeka wa kitani na katani, ulioshikwa kwa rezini, ndani ya milango ya magari yao. Singa iuzwayo kwa robota yarudi kwetu ikiwa mlango wa gari, nasi twailipia mara ya pili.

Wako wasemao kwamba hayo ni maarifa ya kigeni. Hapana. Kila aliyekandika kiambaza anayajua. Udongo peke yake hupasuka, na fito peke yake hazizuii upepo. Vikishikana vyasimama miaka. Boti za faiba za wavuvi wetu ni kanuni ile ile: nyuzi za kioo huvumilia mvuto, rezini huzishika pamoja na kugawanya mzigo kutoka uzi mmoja hata mwingine. Uzi usioshikwa vema na rezini haubebi kitu.

Basi singa ikitoka kwenye korona haifai kumwagiwa rezini vivi hivi. Yapasa ioshwe, itiwe katika maji yenye kostiki kidogo, ile ya kutengenezea sabuni, ili utelezi na uchafu utoke. Ioshwe tena, ikaushwe kabisa, maana unyevu huzuia rezini kushika. Kisha ilazwe kwa kuelekea upande utakaobeba mzigo, itiwe rezini, ikandamizwe mpaka hewa itoke, iachwe igande. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye uangalifu, wala si uchawi.

Wala hatutaki kuwadanganya wanachama. Singa haina nguvu ya uzi wa kioo, na hunywa maji. Kwa hiyo tusianze na boti. Tuanze na mbao za dari, milango ya ndani, viti vya shule na mbao za ndani ya mabasi. Huko singa ina faida yake: kwa ujazo ule ule uzito wake haufiki sita kwa kumi ya uzito wa kioo, nayo huota shambani kwetu.

Tukumbuke pia vigae vya saruji na katani vilivyojaribiwa nchini. Ukali wa saruji huila singa pole pole, na kigae kilichokuwa kigumu huwa chepesi kuvunjika. Dawa yake imejulikana: sehemu ya saruji ibadilishwe kwa majivu, kama ya pumba za mpunga yaliyochomwa vizuri. Asiyejifunza jambo hili ataezeka shule leo, na baada ya miaka wazazi watalaani katani wakati kosa ni la fundi.

Kwa hiyo twawaomba wajumbe wa matawi wapeleke mambo matatu mbele ya mikutano yao. Kwanza, vyuo vya ufundi vya VETA katika mikoa ya mkonge vifundishe kazi hii, kwa singa ya kwetu na vipimo vya kuvunja na kuloweka. Pili, vyama vya ushirika vya wakulima wa mkonge viwe na hisa katika karakana, ili mkulima asibaki kuwa muuza majani. Maana katika kilo 100 za majani hupatikana kilo 4 hivi za singa, na faida iko mbele ya hapo. Tatu, serikali inunue dari na viti hivyo kwa shule zake, vikiisha kufaulu vipimo.

Na katika karakana hizo mfanyakazi apewe glovu, kizuia pumzi na madirisha mapana, maana mvuke wa rezini na vumbi la singa hudhuru mapafu. Hatukuondoa umanamba shambani ili tuurudishe kiwandani.

Mjumbe atakapokuja kwenu kusifu tani, mpigieni makofi, kisha mwulizeni: ngapi kati ya hizo zimetengenezwa kitu hapa hapa? Jibu lake ndilo litakalotuonyesha kama mkonge ni mali yetu, au bado twautunza kwa ajili ya wengine.