Kasi ya intaneti ipimwe kama bidhaa nyingine

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayenunua gunia la mchele hatoi fedha kabla ya kuliona kwenye mizani. Mfanyabiashara huyo huyo hulipia intanetI kila mwezi kwa kuamini neno "hadi" lililomo kwenye tangazo. Hasara huanzia hapo.

"Hadi megabiti 20 kwa sekunde" ni kiwango cha juu kabisa, si kile anachohakikishiwa mnunuzi. Aidha, wengi huchanganya biti na baiti. Baiti moja ni biti 8, hivyo megabiti 20 ni sawa na megabaiti 2.5 tu. Faili la megabaiti 100 haliwezi kufika kwa sekunde 5 kama wengi wanavyotarajia, bali kwa sekunde zisizopungua 40, hata mtandao ukiwa katika hali nzuri. Huo si wizi. Ni hesabu ambayo mnunuzi hakuifanya.

Kosa la pili ni namna ya kupima. Wengi hupima mara moja tu, kwa simu, mbali na kifaa cha Wi-Fi, huku wenzao ofisini wakiangalia video. Malalamiko ya aina hiyo kampuni huyakataa bila shida. Kipimo cha kuaminika hufanywa kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, vifaa vingine vikiwa vimezimwa, asubuhi, mchana na usiku, kwa wiki nzima. Matokeo yote yaandikwe. Namba ya katikati huonyesha hali ya kawaida. Ya chini kabisa huonyesha saa ambazo kazi hukwama.

Tatu, ni lazima kujua kipimo kinaishia wapi. Programu nyingi huchagua kompyuta iliyo karibu, pengine ndani ya mtandao wa kampuni ile ile inayopimwa. Hiyo ni sawa na kupima barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya kwa kuishia Kibaha. Mwenye wateja Ulaya apime hadi Ulaya. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Hivyo kwenda London na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya milisekunde 70, na kununua megabiti zaidi hakuondoi muda huo. Kwa mwekezaji mdogo anayetuma oda ya hisa, ambayo ni ndogo sana, kukatika kwa mawasiliano kunamgharimu zaidi kuliko uchache wa megabiti.

Wakala wa Vipimo hukagua mizani na pampu za mafuta, na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) husimamia ubora wa huduma. Lakini mkataba wa duka moja hauna mlinzi isipokuwa mwenye duka. Kabla ya kutia saini hana budi kudai kwa maandishi kasi ya chini kabisa, mahali itakapopimiwa, na fidia isipofikiwa. Kampuni isiyokubali kuandika hayo isilipwe mwaka mzima kwa mkupuo.