Mtani si adui
Wiki hii, Kariakoo, nimemwona muuza kahawa mwenye jezi ya kijani ya Yanga akimmiminia mteja wa jezi nyekundu ya Simba, wakitambiana: huyu kwa ushindi wa 5-1 wa Novemba 2023, yule kwa ule wa 5-0 wa Mei 2012. Nimefurahi sana. Yanga ilizaliwa 1935. Mwaka uliofuata waliojitenga nayo wakaunda klabu inayoitwa Simba tangu 1971. Ni ndugu hawa, na ndugu wakigombana, wewe chukua jembe ukalime. Kinachoniuma ni shabiki anayekwenda kuipokea timu ya kigeni uwanja wa ndege ili imfunge mtani wake. Huo si utani, ni kujihujumu: pointi za Simba na Yanga Afrika, kwa sehemu kubwa, ndizo zilizoipa Tanzania nafasi 4 katika mashindano ya CAF.