Jino lililozibwa likibadilika rangi, usikimbilie kung'oa

Mtoto anatafuna muwa kibarazani. Anacheka, na mama anaona weusi kwenye gego lililozibwa mwaka juzi. Siku linazibwa lilikuwa linang'aa kama fedha. Wazo la kwanza ni kwamba jino limeoza tena. La pili ni kwamba daktari alitumia dawa mbovu. Jirani naye ana jibu tayari: "Ling'oeni tu, litamsumbua."

Kwa familia nyingi za Ifakara na vijiji vya Bonde la Kilombero, kwa daktari wa meno huendewa maumivu yakizidi. Anayetoka mbali, kama Mlimba, anahesabu nauli na siku ya shamba iliyopotea, hivyo kung'oa huonekana kumaliza kazi mara moja. Lakini rangi peke yake haitoshi kulihukumu jino. Kila dawa ya kuzibia huzeeka kwa namna yake.

Ile ya rangi ya fedha huitwa amalgamu. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyochanganywa na unga wa fedha, bati na shaba. Kadiri inavyokaa kwenye mate na chakula, uso wake huingia weusi, kama bangili ya fedha isiyosuguliwa. Wakati mwingine jino lenyewe huonekana la kijivu. Weusi huo si lazima uwe kuoza. Kwa sababu ya zebaki, mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana isitumike kwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima.

Dawa nyeupe inayokaushwa kwa taa ya bluu ni kompoziti, yaani plastiki ngumu yenye unga wa kioo ndani yake. Plastiki hiyo hunyonya maji kidogo kidogo, na maji huja na rangi ya chai, kahawa, manjano ya mchuzi au zambarau za msimu. Hata bila hivyo, kemikali zake hubadilika taratibu na kuifanya iwe ya njano.

Ya tatu ni simenti nyeupe isiyong'aa sana, glasi ayonoma, na matumizi yake yana historia ya hapa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kutibu meno kwa kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine ya umeme, kisha kuziba kwa simenti. Njia hiyo ilienea hadi nchi nyingine na baadaye glasi ayonoma ndiyo ikawa simenti yake. Shirika la Afya Duniani liliiunga mkono mwaka 1994. Simenti hii hutoa floraidi inayolinda jino, lakini huchakaa na kushika madoa mapema.

Basi mzazi aangalie nini? Aangalie kingo. Mstari mwembamba wa kahawia kuzunguka dawa unaweza kuwa doa la chai tu. Lakini kivuli kinachopanuka, ukingo uliovunjika, nyuzi za muwa zinazonasa palepale kila siku, au mtoto kushtuka akinywa maji baridi, hizo ni dalili za kumwona daktari. Akiamka usiku kwa maumivu, au fizi ikiwa na kipele cha usaha, asicheleweshwe. Uso ukivimba na homa ikipanda, apelekwe siku hiyo hiyo.

Kuna kosa moja lisilorekebishika. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kutoka ili kulipisha. Wazazi wengi hulidhania la utotoni. Liking'olewa kwa sababu ya rangi tu, hakuna jingine litakaloota.

Nyumbani, piga picha ya jino kwa simu kwenye mwanga wa jua, kisha linganisha baada ya miezi michache. Muulize daktari ametumia dawa gani na uandike kwenye daftari la mtoto. Usisugue kwa mkaa wala majivu. Hukwaruza, na palipokwaruzwa hushika rangi zaidi. Dawa ya maji ya kuongeza damu nayo huacha weusi kwenye meno, hivyo mtaje daktari kama mtoto anaitumia.

Na mama wa kibarazani akifika kwa daktari, asianze na "ling'oe". Aanze na swali: "Hii ni rangi tu, au limeoza?"