Diski ya Zamani Isiachiwe Fundi

Kompyuta kongwe ya mapokezi inapokawia kufungua jalada la mgonjwa, si lazima itupwe. Aghalabu kinachoichelewesha ni diski yake ya kuzunguka. Katika iMac ya inchi 21.5 ya mwaka 2012, diski hiyo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa chake cha kusomea husogea huku na huku kutafuta kila faili. Diski ya SSD haina kinachozunguka, hivyo mashine ileile hupata wepesi mpya. (Kazi yataka mkono mtulivu: kioo kimebandikwa kwa utepe wa gundi.)

Hofu yangu iko kwenye diski iliyotolewa. Ndani yake mna majina, namba za simu na majibu ya vipimo. Kufuta mafaili kwa njia ya kawaida huyaondoa orodhani tu. Yaliyomo husalia mpaka yaandikwe juu yake mengine. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo kituo kikishapata nakala salama, kiidai diski yake, kiifute yote kwa programu maalumu au kiivunje mbele ya shahidi. Nawe mgonjwa, unayo haki ya kuuliza ilikokwenda.