Lugha ya Menyu na Fikra za Mtumiaji

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta kwa muda mrefu umekuwa mjadala wa istilahi. Wataalamu wamebishana iwapo chombo kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba programu nzima yaweza kutumika kwa Kiswahili. Kazi hiyo yastahili heshima. Hata hivyo, kupata neno ni nusu tu ya kazi.

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mkazi wa Mbagala au Tandale hukutana na programu kwenye kioo kidogo cha simu, mara nyingi akiwa amesimama mbele ya kibanda cha wakala. Maneno kama wakala na salio yalikuwamo katika biashara kabla ya simu, ndiyo maana hayakuhitaji kufundishwa. Mengine yana utata. Mathalani, kitenzi "toa". Mtu hutoa fedha benki, lakini pia hutoa sadaka, hutoa mchango, hata hutoa rushwa. Anayesoma "Toa pesa" kwa mara ya kwanza ana haki ya kujiuliza kama fedha zinamjia au zinamtoka. "Pokea taslimu" lingemwondolea shaka hiyo.

Suala la saa ni zito zaidi. Simu huonyesha 10:00 na Mswahili husoma "saa nne" bila taabu, kwani hesabu yake huanzia mapambazuko. Lakini programu inayotafsiri maneno bila kugeuza hesabu itaandika "saa 10:00 asubuhi", wakati ambao haupo katika siku ya Mswahili: saa kumi ni ya alfajiri au ya alasiri.

Athari zake si za kinadharia. Asiyeielewa menyu humkabidhi mwingine simu, na pamoja nayo namba ya siri. Ni rahisi kumlaumu kwa uzembe. Donald Norman, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu vyombo vya kila siku, alikwisha kueleza kwamba mbunifu ana taswira yake ya chombo, ilhali mtumiaji hujijengea yake kutokana na kile anachokiona tu. Taswira hizo zikipishana, wa kusahihishwa kwanza ni ubunifu.

BAKITA laweza kusanifu istilahi. Haliwezi, likiwa ofisini, kujua mama lishe wa Tandika anatarajia nini baada ya kubonyeza 2. Aulizwe yeye, menyu ikiwa bado kwenye karatasi, na jibu lake liwe na uwezo wa kubadili mpangilio wenyewe pamoja na maneno. Hadi sasa mtafsiri huitwa mwishoni, mpangilio ukiwa umekwisha kufungwa.